Maelezo Yenye Maana Mbili: Kusahihisha Miongozo ya Violesura vya Programu

Mtu anayetaka huduma katika ofisi ya posta haingii ndani penye makabati na mizani. Husimama mbele ya dirisha, hujaza fomu, huipitisha kwa karani, kisha hungoja jibu. Haimhusu mteja kujua jinsi karani alivyopanga mafaili yake, wala haimhusu karani kujua mteja ametoka wapi. Kinachowaunganisha ni fomu, pamoja na tangazo lililobandikwa ukutani linaloeleza jinsi ya kuijaza. Programu za kompyuta nazo huhudumiana kwa namna iyo hiyo. Programu iliyomo katika simu ya mwanafunzi wa Morogoro inapotaka kujua hali ya hewa, haifungui kumbukumbu za kompyuta kubwa iliyoko ng'ambo; hupeleka ombi lililopangwa kwa utaratibu maalumu, na hupokea jibu lililopangwa vivyo hivyo. Dirisha hilo la maombi na majibu ndilo liitwalo kiolesura cha programu, na wataalamu hulitaja zaidi kwa kifupi chake cha kimataifa, API. Lile tangazo la ukutani ni mwongozo wa kiolesura, ambao siku hizi husomwa kwenye intaneti.

Makala haya yanahusu tangazo, wala si dirisha. Tutaeleza jinsi mwongozo unavyoweza kumpotosha msomaji makini, jinsi ya kugundua upotofu huo, na jinsi ya kuurekebisha. Kazi hii si ngeni. Kompyuta ya EDSAC ilianza kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1949, na miaka miwili tu baadaye, yaani 1951, Wilkes, Wheeler na Gill walichapisha kitabu ambacho sehemu yake kubwa ilieleza vijiprogramu vilivyohifadhiwa tayari kwa matumizi: kila kimoja chafanya nini, chahitaji kupewa nini, na jibu lake liko wapi. Tangu siku hizo ilidhihirika kwamba kijiprogramu kisicho na maelezo sahihi ni sawa na dawa ndani ya chupa isiyo na karatasi.

Kosa hupiga kelele, utata hunyamaza

Hatuna budi kwanza kutofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kosa ni pale mwongozo unaposema jambo lisilo kweli. Utata ni pale mwongozo unaposema jambo la kweli kwa maneno ambayo wasomaji wawili wenye akili timamu huyaelewa kwa njia mbili mbalimbali.

Tuseme mwongozo waagiza kwamba nafasi ya tarehe katika ombi iitwe "siku", ilhali kompyuta inayopokea yaitambua kwa jina la "tarehe" tu. Hilo ni kosa. Mwanafunzi atatuma ombi lake, na kompyuta italikataa papo hapo kwa kumrudishia namba 400, ambayo katika kanuni za mawasiliano ya intaneti humaanisha kwamba ombi halikuandikwa ipasavyo. Mwanafunzi atakasirika, atajaribu tena, na baada ya nusu saa atakuwa amegundua ukweli. Hasara yake ni nusu saa.

Utata hauna kelele hizo. Ombi hupokewa, jibu hurudi na namba 200, yaani yote ni mema, na tarakimu hufika zikiwa safi kabisa. Ila si tarakimu za kitu ulichodhani umekiomba. Hakuna taa nyekundu inayowaka. Waweza kuchora grafu, kuandika ripoti, hata kumshauri mkulima, na usijue kamwe. Kwa sababu hiyo mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba mwongozo wenye makosa kumi ya wazi haunitishi kama mwongozo wenye sentensi moja tata.

Mvua ya tarehe 12 Aprili

Miaka michache iliyopita wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu walipewa kazi ya kulinganisha vipimo vya mvua vilivyotolewa na huduma moja ya mtandaoni na vipimo vya kipimamvua cha shule ya sekondari. Kipimamvua cha shule kilikuwa cha kawaida, ambacho wasomaji wengi wamekiona: mtungi wa bati, faneli, na bomba la kupimia. Wanafunzi wa shule ile walikuwa wamekisoma kila siku saa tatu asubuhi kwa uaminifu wa kuvutia, hata siku za Jumapili.

Matokeo yalikuwa ya ajabu. Jumla za miezi zilikaribiana, lakini siku kwa siku vipimo havikupatana hata kidogo. Siku ambayo shule iliandika mvua kubwa, huduma ilisema kulikuwa kukavu. Siku iliyotangulia, kinyume chake. Wanafunzi wangu, kwa haraka ya ujana, waliandika kwamba vipimo vya shule havitegemeki. Nusura niitie sahihi ripoti hiyo. Kilichonizuia ni zile jumla za miezi: mtu asomaye kipimamvua kwa uzembe hawezi kupata jumla sahihi mwezi baada ya mwezi. Mvua ilikuwa ni ileile. Tofauti ilikuwa katika siku iliyohesabiwa.

Tulirudi kwenye mwongozo. Ulikuwa na sentensi moja tu kuhusu jambo hilo: "Hutoa mvua ya siku kwa tarehe iliyoombwa." Sentensi fupi, isiyo na kosa la sarufi. Hebu tuipime kwa mfano wa kubuni. Tuchukulie kwamba mvua ya milimita 40 ilinyesha yote kati ya saa saba na saa nane usiku, usiku wa kuamkia tarehe 12 Aprili, na kwamba hapakuwa na mvua nyingine kwa siku kadhaa kabla na baada ya hapo. Je, mvua ya tarehe 12 Aprili ni milimita ngapi?

Kwa mtu anayefuata kalenda ya ofisini, siku huanza katikati ya usiku, saa sita. Mvua ilinyesha saa moja na zaidi baadaye. Kwa hiyo jibu ni 40.

Kwa kompyuta inayofuata saa ya dunia, iitwayo kwa kifupi UTC, mambo ni mengine. Saa zetu za Afrika Mashariki ziko mbele ya UTC kwa saa tatu. Saa saba usiku ya tarehe 12 kwetu ni saa 22:00 ya tarehe 11 kwa UTC. Mvua yote imo katika tarehe 11, na jibu la tarehe 12 ni sifuri.

Kwa mpima hali ya hewa wa kituo, siku ya mvua ni saa 24 zinazoishia saa tatu asubuhi, wakati wa kusoma kipimamvua, ambayo ni saa 06:00 UTC. Mvua yetu itasomwa asubuhi ya tarehe 12. Lakini hata hapo kuna mila mbili: wako wanaoiandika kwa tarehe iliyosomwa, na wako wanaoiandika kwa tarehe iliyotangulia, kwa kuwa sehemu kubwa ya zile saa 24 ilikuwa jana yake. Jibu laweza kuwa 40 au sifuri, kutegemea mila ya nchi.

Na kwa mzee wa pwani, siku huanza jua linapotua. Usiku wa Ijumaa kwake ni ule ambao wengine huuita Alhamisi usiku. Kwa hesabu hiyo mvua yetu ni ya tarehe 12 bila shaka yoyote, na angeshangaa kusikia swali lenyewe. Sitaji jambo hili kwa mzaha. Mwandishi wa mwongozo alikuwa na siku moja tu kichwani mwake, akadhani ndiyo siku ya watu wote. Hivyo ndivyo utata unavyozaliwa: hautokani na ujinga, bali na jambo ambalo mwandishi amelizoea mno hata halioni.

Kuuliza mashine yenyewe

Tungeweza kuwaandikia wenye huduma na kungoja. Tuliona ni bora kwanza kufanya jaribio, kama afanyavyo mwanafunzi wa kemia asiyejua chupa isiyo na jina ina nini.

Huduma ile ilitoa pia mvua ya kila saa. Tuliomba vipimo hivyo, tukajumlisha saa 24 kwa kila moja ya njia tulizozitaja, kisha tukalinganisha kila jumla na ile "mvua ya siku" ya huduma. Hapa pana jambo ambalo walimu wa sayansi watalipenda. Wanafunzi walianza kwa kulinganisha juma ambalo halikuwa na mvua, wakapata kwamba njia zote ni sahihi! Bila shaka: sifuri ni sifuri kwa kalenda yoyote. Jaribio lisiloweza kutenganisha dhana mbili halithibitishi hata moja kati yake. Ilibidi watafute siku ambazo mvua ilinyesha kati ya saa sita na saa tisa usiku, ambapo kalenda ya ofisini na UTC hupingana, na siku nyingine ambazo ilinyesha baina ya saa tisa usiku na saa tatu asubuhi, ambapo UTC hupingana na siku ya kituo iandikwayo kwa tarehe iliyotangulia. Siku chache za namna hiyo zilitosha. Huduma ilifuata UTC, nusu usiku hadi nusu usiku.

(Hata vipimo vya kila saa vilikuwa na utata wake. Kipimo kilichoandikwa saa 01:00 ni cha saa inayoanzia hapo, au iliyoishia hapo? Tulikigundua kwa njia ileile, nami sitamchosha msomaji.)

Katika kuchunguza huko tulikuta utata wa pili, nao kwa maoni yangu ulikuwa wa hatari zaidi. Kulikuwa na siku ambazo chombo cha kupimia kilikuwa kimeharibika, na kwa siku hizo huduma ilitoa 0. Mwongozo haukusema kitu. Basi 0 ilikuwa na maana mbili: hapakunyesha, na hatujui kama palinyesha. Chukua mwezi wa siku 30 ambao vipimo vya siku 6 vimekosekana, na siku 24 zilizobaki zina jumla ya milimita 120. Wastani wa siku zilizopimwa ni milimita 5. Ukizihesabu zile siku 6 kuwa sifuri, wastani hushuka kuwa milimita 4, na mwezi wa kawaida huanza kufanana na mwanzo wa ukame.

Wapimaji wa zamani walikuwa wakijaza pengo kwa namba kama −99. Vijana huwacheka, lakini angalia kitakachotokea mtu akisahau kuiondoa: 120 ukitoa 594 ni −474, na wastani wa siku 30 ni −15.8. Hakuna mvua iliyo chini ya sifuri. Hata mtoto wa darasa la nne atajua pana kasoro. Namba −99 hupiga kelele. Namba 0 hunyamaza. Leo violesura vingi vina alama maalumu ya pengo, iandikwayo null, ambayo si namba. Palipo na alama hiyo, yafaa itumiwe na itajwe katika mwongozo.

Tuliwaandikia wenye huduma. Jibu la kwanza lilisema kwamba mwongozo uko wazi. Sikushangaa, kwa kuwa kwa aliyeuandika ulikuwa wazi kweli. Barua ya pili haikubishana juu ya uwazi. Ilipeleka jedwali la siku tano, kila siku na majibu yake manne, na swali moja: ni safu ipi mnayoikusudia? Baada ya hapo mwongozo ulibadilishwa. Maelezo mapya, nikiyaweka katika Kiswahili, ni kama haya:

"Hutoa jumla ya mvua, kwa milimita, iliyonyesha katika saa 24 zinazoanza saa 00:00 UTC ya tarehe iliyoombwa. Kipimo kikikosekana kwa saa yoyote ya siku hiyo, jibu ni null. Jibu la 0 humaanisha kwamba saa zote 24 zilipimwa na hapakunyesha. Mfano: mvua iliyonyesha Dar es Salaam saa saba usiku wa kuamkia tarehe 12 Aprili huhesabiwa katika tarehe 11 Aprili."

Sentensi moja imekuwa nne. Wapo wahariri watakaolalamika kwamba ni ndefu, nami huwajibu kwamba ile fupi ilitugharimu majuma matatu. Zingatia hasa sentensi ya mwisho. Mfano mzuri haurudii kanuni katika hali rahisi. Huenda moja kwa moja mahali ambapo wasomaji wawili wangegawanyika. Mfano wa mvua ya saa sita mchana usingemsaidia mtu.

Dar es Salaam iliyohamia Uhispania

Mahali popote duniani hutajwa kwa namba mbili, latitudo na longitudo. Dar es Salaam iko karibu na latitudo 6.8 kusini, ambayo kompyuta huiandika −6.8, na longitudo 39.3 mashariki. Ramani za shuleni hutufundisha kutaja latitudo kwanza. Lakini muundo wa GeoJSON, unaotumika sana kupelekeana habari za ramani, na ambao kanuni zake zilitolewa rasmi mwaka 2016 katika hati ya RFC 7946, huweka longitudo kwanza. Mwongozo ukisema tu "peleka namba mbili za mahali", nusu ya wasomaji watazipindua.

Ukizipindua namba za Dar es Salaam utapata latitudo 39.3 kaskazini na longitudo 6.8 magharibi. Mahali hapo pako magharibi mwa Uhispania, karibu na mpaka wa Ureno. Ukisahau alama ya kutoa pekee, utakuwa kusini mwa Ethiopia, katika nyanda za juu upande wa milima ya Bale.

Sasa mlinganishe mwanafunzi wetu na mwenzake wa Tokyo, ambayo longitudo yake ni kama 139.7. Yeye akizipindua namba zake, kompyuta itamkatalia, maana hakuna latitudo inayozidi 90. Bara zima la Afrika lina longitudo zilizo chini ya 90, kwa hiyo namba zetu zikipinduliwa bado hupita kwa usalama. Utata uleule unaopiga kelele Japani hunyamaza kwetu. Hii ni sababu mojawapo kwa nini miongozo iliyosomwa na kujaribiwa katika nchi nyingine haina budi kujaribiwa tena hapa, na kwa nini taarifa ya mwanafunzi wa hapa yaweza kuwa na thamani ambayo wenye huduma hawakuitazamia.

Lazima, yafaa, yaruhusiwa

Utata mwingine umo katika lugha yenyewe. Waandishi wa viwango vya intaneti, ambavyo hutolewa katika mfululizo wa hati ziitwazo RFC tangu mwaka 1969, waliona kwamba maneno ya Kiingereza ya kuamuru na ya kushauri yalikuwa yakitumiwa ovyo. Mwezi Machi 1997 Scott Bradner alitoa RFC 2119, iliyopanga maneno hayo katika ngazi: yale ya sharti lisilo na udhuru, yale ya shauri ambalo mtu aweza kuliacha akiwa na sababu nzito na akijua matokeo yake, na yale ya hiari. Maneno hayo yaliandikwa kwa herufi kubwa. Lakini je, yakiandikwa kwa herufi ndogo yana nguvu ileile? Hati iliyokusudiwa kuondoa utata ilikuwa na utata wake! Ilichukua miaka ishirini: RFC 8174 ya Mei 2017, iliyoandikwa na Barry Leiba, ilieleza kwamba maana hizo maalumu zipo tu pale maneno yanapoandikwa kwa herufi kubwa.

Atakayeandika miongozo kwa Kiswahili atakutana na mitego ya kwetu. Nitataja mitatu.

"Nafasi ya jina inaweza kuwa tupu." Je, hii ni ruhusa kwa anayetuma, kwamba akipenda asijaze jina? Au ni onyo kwa anayepokea, kwamba ajiandae kukuta jina halipo? Yafaa kusema "yaruhusiwa kuacha" au "huenda ukapokea", na kuliacha "inaweza".

"Namba kuanzia 1 hadi 10." Je, 10 imo? Katika mazungumzo tunaelewana, lakini katika lugha nyingi za kompyuta kipeo cha juu hakihesabiwi, na mwandishi aliyezoea lugha hizo huenda anakusudia 9. Andika "hadi 10, nayo ikiwemo".

Mtego wa tatu ni wa ngeli. Lugha yetu husifiwa, na kwa haki, kwa kuwa viambishi vya ngeli huonyesha waziwazi neno lipi linarejelewa. Lakini maneno mengi ya kompyuta tuliyoyapokea kutoka nje yameangukia ngeli moja: programu, kompyuta, namba, seva, data, faili. Soma sentensi hii: "Programu inapopokea namba kutoka kwenye seva, ihifadhiwe kabla haijabadilishwa." Ni kitu gani kihifadhiwe: programu, namba, au seva? Kiambishi i- chakubali zote tatu. Dawa yake ni kurudia nomino, hata kama mwalimu wa insha aliwahi kukuonya kwamba marudio hayapendezi. Katika mwongozo marudio ni adabu.

Nani asahihishwe: karatasi au mashine?

Mwongozo unapotofautiana na mwenendo wa mashine, si kila mara mwongozo ndio unaopaswa kubadilika. Swali la kuuliza ni hili: ni watu wangapi tayari wamejenga juu ya hali iliyopo?

Mfano maarufu ni neno Referer. Katika mawasiliano ya intaneti, programu ya kusomea kurasa huweza kutaja ukurasa iliotokea, na jina la nafasi hiyo lilikosewa tahajia: neno la Kiingereza lilistahili kuwa na r mbili katikati. Kosa liliingia katika RFC 1945 ya mwaka 1996. Kufikia hapo programu zilizokuwa zikiliandika hivyo zilikuwa nyingi, na kulisahihisha kungezivunja. Likaachwa. Limo hata katika RFC 9110 ya mwaka 2022, pamoja na maelezo kwamba tahajia hiyo ni kosa. Hapo mwongozo ulifanya lililo haki: uliungama kosa, ukaeleza hali ilivyo.

Kisa cha lugha ya JavaScript kinaonyesha upande wa pili. Kanuni zake za mwaka 2009 zilisema kwamba wakati ulioandikwa bila kutaja saa za eneo usomwe kwa UTC. Zile za mwaka 2015 zikasema usomwe kwa saa za mahali kompyuta ilipo. Kwa aliyeko Nairobi au Dodoma, "2015-06-01" ilikuwa saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 1 Juni kwa kanuni ya kwanza. Kwa kanuni ya pili ikawa saa sita usiku, ambayo kwa UTC bado ni tarehe 31 Mei. Mwaka 2016 kanuni zilirekebishwa tena: tarehe peke yake isomwe kwa UTC, na tarehe yenye saa lakini isiyo na eneo isomwe kwa saa za mahali. Si kanuni nzuri ya kukumbuka, lakini ilitaja kila hali kwa jina lake. Kwa upande wangu nawashauri wanafunzi wasiitegemee kabisa, bali waandike eneo la saa kila mara: 2015-06-01T00:00:00+03:00.

Jambo moja zaidi kuhusu namna ya kusahihisha. RFC ikishatolewa maandishi yake hayabadilishwi tena. Masahihisho huwekwa katika orodha ya pembeni, yakiwa yamechunguzwa na kutiwa alama ya kukubaliwa au kukataliwa, na mabadiliko makubwa hudai hati mpya yenye namba mpya. Miongozo mingi ya mtandaoni haifanyi hivyo: sentensi hubadilishwa kimyakimya, na aliyeisoma jana hajui kwamba leo yasema mengine. Sahihisho lisilo na tarehe humsaidia msomaji mpya na humwacha gizani yule wa zamani, ambaye ndiye mwenye programu inayofanya kazi kwa maelezo ya kale.

Wala mwongozo sahihi hautoshi kama mashine haikupimwa dhidi yake. Chombo cha anga cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilichorushwa tarehe 11 Desemba 1998, kilipotea tarehe 23 Septemba 1999 kilipofika kwenye sayari ya Mars. Hati ya kiolesura iliagiza msukumo wa roketi utolewe kwa newtoni-sekunde. Programu moja ya huku duniani ikautoa kwa ratili-sekunde, ambazo kila moja ni sawa na newtoni-sekunde 4.45. Chombo kilitazamiwa kupita kilomita 226 juu ya sayari. Hesabu za baadaye zilionyesha kwamba kilishuka hadi kama kilomita 57. Kwa miezi kadhaa faili zilikuwa zimepokewa bila kukataliwa, kwa sababu namba isiyo na kipimo ni namba tu.

Mazoezi kwa wanafunzi

1. "Usitume jina na namba ya simu." Taja maana mbili za agizo hili, kisha uandike sentensi mbili, kila moja yenye maana moja tu.

2. Programu ya shule yapokea "saa 2:00" kutoka kwa karani. Karani ahesabu saa kwa Kiswahili, na kompyuta kwa saa 24. Tofauti yaweza kuwa saa ngapi? Je, kuna saa yoyote ambayo kompyuta ingeikataa?

3. Kipimamvua cha shule yako husomwa saa tatu asubuhi. Mvua ilinyesha saa kumi na moja alfajiri ya tarehe 3 Machi. Andika itaingia tarehe ipi kwa kila moja ya njia zilizoelezwa katika makala haya, kisha uchunguze kama kuna saa ya usiku au mchana ambayo njia zote zingekubaliana.

4. Mombasa iko karibu na latitudo −4.05 na longitudo 39.67. Zipindue namba hizo, na kwa kutumia atlasi utaje mji wa kale wa Uhispania ulio karibu na hapo.